Msininyang'anye Ubingwa wa Wanawake

Kalyna Bluff, Saskatchewan
Jumatatu, baada ya chai ya asubuhi

Kwa Mhariri,
Gazeti la Mlinzi wa Nyika,
Mtaa Mkuu, mkabala na posta.

Ndugu Mhariri,

YAH: OMBI LA KULINDIWA UBINGWA WANGU DHIDI YA WANAWAKE WA MJI HUU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo ofisini, pamoja na yule paka anayelala juu ya mashine ya nakala. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, na hilo ni siri yangu na daktari.

Naitwa Orest Pidskalny. Unanifahamu. Ndimi niliyekuandikia mwaka jana kuhusu gari la kusukuma theluji linalofukia sanduku langu la barua kila linapopita, na mwaka juzi kuhusu kunguru. Hata hivyo, kwa kufuata taratibu, najitambulisha upya: mkulima mstaafu wa ngano, mume wa mke mmoja, babu wa wajukuu saba, na bingwa wa wanawake wa kaskazini mwa jimbo hili, mwaka 1967, katika kaling, mchezo wetu wa kutelezesha mawe juu ya barafu huku wenzako wakiyafagilia njia.

Najua hapo umesimama ukarudia kusoma. Hujakosea. Ubingwa huo sikujipa mwenyewe, umeandikwa katika Hazina, ile ensaiklopidia ya mtandaoni inayosomwa dunia nzima na ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuiandikia. Tafuta jina langu, utanikuta: "Orest Pidskalny ni mchezaji wa kaling wa Kanada, nahodha wa timu iliyotwaa Kombe la Mganda wa Ngano, ubingwa wa wanawake." Chini yake kuna picha. Nimevaa sketi ya mikunjo na kofia ya kufuma, nimeshika fagio, na nisikufiche, nimependeza.

Sasa kuna njama ya kunivua ubingwa huo. Njama yenyewe inaongozwa na mjukuu wangu wa damu, Larissa, ambaye ni mkutubi wa maktaba yetu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, kwa kuwa mke wangu husema nikiachwa niongee tu naanza na ngano naishia kwa Papa wa Roma.

1. Ushahidi wote uko upande wangu.

Mambo yalianza hivi. Katika majira ya baridi haya Larissa aliandika ukurasa katika Hazina kuhusu bibi yake, yaani mke wangu. Aliuita ukurasa huo kwa jina la mke wangu, jina ambalo sitaliandika katika barua hii kwa kuwa hadi leo halijathibitishwa. Hazina ina walinzi wa kujitolea wanaokagua kurasa. Mmoja wao ni bwana wa huko Ontario anayejiita Behewa la Mwisho, kwa vile mapenzi yake yote yako kwenye garimoshi. Ndugu Behewa akauliza kwa adabu: ushahidi uko wapi? Larissa akampelekea kurasa za gazeti lako la Machi 1967, pamoja na picha. Akazisoma zote, mstari kwa mstari. Hakumwona mke wangu mahali popote. Aliyemwona ni Bibi Orest Pidskalny.

Wewe ni kijana, Ndugu Mhariri, lakini babu yako Alf, aliyekalia kiti hicho zamani, angekueleza. Siku zile mwanamke akishaolewa, gazeti lilimwandika kwa jina la mumewe, la kwanza na la ukoo, likatanguliza "Bibi", basi, imetosha. Ilikuwa ndiyo heshima yenyewe. Mwanamke aliyeandikwa kwa jina lake mwenyewe alikuwa ama hajaolewa, ama amekamatwa na polisi. Babu yako hakuuacha mtindo huo mpaka alipostaafu, na kufikia hapo mke wangu naye alikuwa ameshastaafu kuandikwa.

Sasa Hazina ina kanuni kwamba majina hayatangulizwi vyeo. Hakuna Daktari, hakuna Mheshimiwa, hakuna Bibi. Ndugu Behewa akaiondoa "Bibi" kama kanuni inavyotaka, na alichobaki nacho mkononi ni mimi. Akabadilisha jina la ukurasa, akaaga vizuri, akarudi kwenye magarimoshi yake. Nimeikagua kazi yake na sioni kosa. Kila hatua ni sahihi, na mwisho wa hatua zote yuko Orest.

2. Wanawake wameanza kuandika.

Kila Jumamosi alasiri Larissa huwakusanya maktabani. Wanakuja na laptopu zao, miwani yao na sahani za vile vipande vya bisi za ngano vilivyoshikanishwa kwa chokoleti, na kazi yao ni kuwaandika wanawake wenzao. Wanadai kwamba kati ya kila watu kumi wanaoiandikia Hazina, wanawake hawatimii wawili, na kwamba kati ya kila wasifu tano zilizomo, nne ni za wanaume. Larissa aliniambia hayo jikoni kwetu. "Babu," akasema, "wewe unaona sawa hiyo?"

Nikamjibu ukweli. Wanaume tuna nafasi. Mtu anakula chakula cha jioni, sahani inaondoka yenyewe mezani, na usiku mzima uko mbele yake. Asipoandika ensaiklopidia afanye nini? Larissa akanipa kitambaa cha kukaushia vyombo. Mpaka leo sijaelewa ule ulikuwa mjadala au nini.

Isitoshe, nani amesema Hazina ni bahili? Golikipa wa hoki wa hapa kwetu, Mervin Stadnyk, aliyecheza mechi moja tu ya ligi kubwa akafungwa mabao tisa, ana ukurasa. Ghala letu la nafaka lililoungua lina ukurasa, tena na ramani. Fahali wa akina Kozak aliyepata utepe kwenye maonyesho ya Regina ana ukurasa, na watoto wake wote wametajwa. Hawa waliingia kihalali kwa sababu gazeti liliwaandika kwa majina yao. Fahali yule aliitwa Duke, na babu yako akaandika Duke.

3. Wenzangu wa timu nao watadhulumiwa.

Katika picha ile tuko wanne: Bibi Orest Pidskalny, Bibi Walter Kozak, Bibi Gus Lindgren na Bibi Harvey Sorenson. Kwa hiyo Hazina inaeleza kwamba ubingwa wa wanawake ulitwaliwa na Orest, Walter, Gus na Harvey. Walter ameshazoea, na juzi alimwambia daktari wa meno kwamba taya lake linauma tangu fainali. Gus hajawahi kusimama juu ya barafu bila kuwaita watakatifu wote kwa majina. Na Harvey, Mungu amrehemu, siku ya fainali alikuwa na miaka miwili kaburini.

Naomba jambo hilo la Harvey lipimwe kwa uzito wake. Kushinda ukiwa hai wengi wameweza. Nilikwenda makao ya wazee kumpa habari mjane wake, ambaye ana miaka tisini na ushee na ulimi ule ule. Akasema, "Harvey? Harvey alikuwa hawezi kuinua ndoo ya maji bila kulala siku mbili. Lakini mwacheni ashinde, maskini. Hakuwahi kushinda kitu." Kisha akageukia dirishani akaongeza, "Ila aliyefagia mbele ya lile jiwe la mwisho ni mimi, Orest. Bega hili lilifungwa bandeji mpaka Pasaka."

Nilimweleza kwa upole kwamba habari ya bega haijachapishwa popote. Akaniambia nimpishe, kipindi chake cha televisheni kinaanza.

4. Heshima yangu mezani, na mengine niliyoyagundua kwa sababu yake.

Unaijua ile meza ya wanaume pale kwenye mkahawa wa duka la ushirika, tunaporusha dadu asubuhi kuona nani atawanunulia wenzake kahawa. Tangu habari hii itoke, siingii kwa amani. Nikifungua mlango Walter anasema, "Mpisheni nahodha. Leo sketi umeiacha nyumbani, bwana?" Na yeye yumo katika timu hiyo hiyo. Gus naye anavuta kiti: "Taratibu jamani, mkalisheni mama wa watu. Huyu amezaa watatu."

Nilicheka nao. Lakini njiani kurudi nyumbani nikawaza: Gus amesema kweli. Larissa alikuwa ameniletea nakala za magazeti yote yanayonitaja, akidhani zitanilainisha moyo. Nikaziweka mezani, nikavaa miwani. Toleo la Aprili 1966: "Bibi Orest Pidskalny amejifungua mtoto wa kiume, mama na mtoto ni wazima." Kwa kanuni ile ile ya Ndugu Behewa, nimejifungua. Na si mara moja, ni mara tatu, na sikumbuki uchungu hata mmoja, jambo linaloonyesha nilivyo shupavu.

Nikaendelea kusoma. Kumbe mwaka 1974 nilianzisha maktaba ya mji huu katika jengo la posta ya zamani, nikapaka rangi rafu kwa mikono yangu. Kumbe nilizunguka mashamba yote katika theluji ya Februari nikikusanya saini, hadi serikali ya jimbo ikatupa gari la wagonjwa. Kumbe niliwafundisha watoto wa hapa kuogelea ziwani, ilhali mimi mwenyewe nikiingia kwenye maji nazama kama jiwe la kaling. Na katika chai ya kanisa ya mwaka 1969 nilivaa gauni la rangi ya pichi na glavu za lesi, na gazeti likasema nilipendeza.

Nisikufiche, Ndugu Mhariri, nilikaa na magazeti yale mpaka chai ikapoa. Sikujua kama nimefanya mengi kiasi hicho. Mtu unaweza kukaa nyumba moja naye miaka sitini, ukala chakula cha mkono wake, usijumlishe.

Kwa hiyo, juu ya ombi la kulindiwa Kombe, naongeza haya. Hazina iyaandike hayo yote katika ukurasa wangu. Klabu ya kaling initengee kiti katika karamu ya mabingwa wa wanawake itakayofanyika Saskatoon mwezi wa tano, na wasihangaike kuhusu mavazi, nitakuja na suti. Idara ya afya imtume mtaalamu anichunguze, kwa faida ya sayansi. Na mke wangu aelezwe kwa maandishi kwamba bingwa wa kaskazini, mwanzilishi wa maktaba na mama wa watoto watatu hawezi kuambiwa apeleke taka nje.

5. Simu kutoka Prince Albert.

Wiki iliyopita simu ya nyumbani ililia, nikapokea mimi. Alikuwa yule mama nahodha wa timu ya Prince Albert, ile tuliyoifunga katika fainali, ambaye katika Hazina sasa anaitwa Kenneth Abernethy. Mjukuu wake alikuwa amemsomea ukurasa. Hakuanza hata na salamu.

"Nimeambiwa nilishindwa na Orest," akasema. "Sasa nisikilize, baba. Mimi nilicheza na mwanamke mwembamba aliyekuwa akiuma kidole cha glavu kabla ya kila pigo. Jiwe langu lilikuwa limekaa katikati ya duara, mbele yake mawe mawili ya kulilinda, nafasi ya kupita haipo. Yule mwanamke akalirusha lake polepole, hata nikamhurumia, nikasema halifiki. Likapinda. Likapita ubavuni mwa yale mawili, likagusa langu kama anayebisha hodi, likakaa. Nililia, sioni haya kusema. Kisha akaja mezani kwetu akatununulia vinywaji, kama ilivyo desturi ya mshindi, akakaa nasi mpaka nikacheka. Wewe nilikuona. Ulikuwa nyuma ya kioo na mtoto begani, amekutapikia koti."

Nikamuuliza kama anayo hati yoyote iliyochapishwa. Akasema anayo kumbukumbu. Nikamfahamisha kwamba kumbukumbu haikubaliki. Basi akauliza, "Yupo hapo? Naomba kuongea naye." Waliongea mpaka viazi vikashika chini ya sufuria. Nilisikia kicheko ambacho sikuwa nimekisikia nyumbani kwangu muda mrefu, na sikuona sababu ya kuingilia.

6. Namba hii ilihusu supu. Mke wangu amepita na birika, ameisoma juu ya bega langu, amesema, "Andika upuuzi wako wote, Orest, lakini supu yangu usiiweke gazetini." Nimeifuta.

7. Supu.

Ametoka, amekwenda kuchukua mayai kwa jirani, kwa hiyo naendelea kwa haraka.

Mke wangu ana koti la buluu. Analivaa siku ya Pasaka, kwenye harusi na kwenye mazishi ya watu aliowapenda. Jumamosi ile ya kwanza, Larissa alipompigia aende maktabani kuuona ukurasa wake, alilivaa. Nikamwuliza, "Unakwenda kwenye maziko ya nani?" Akasema, "Kuna upepo." Hapakuwa na upepo. Akapaka na rangi ya midomo mbele ya kioo cha gari, akidhani natazama barabara.

Maktabani wanawake walikuwa wamemwekea kiti cha mbele. Larissa hakujua kwamba Ndugu Behewa alikuwa ameshapita asubuhi ile na kanuni zake. Akageuza skrini. Mke wangu akasogea, akasoma taratibu kwa kidole, kama anavyosoma Zaburi. Kisha akasema, "Mbona ni Orest?"

Wote walicheka, naye akacheka kuliko wote. Akasema, "Haidhuru, si nyumba moja?" Akala kipande chake cha keki, akawashukuru wasichana. Nyumbani alilitundika koti kabatini, akalifunga vifungo vyote hadi cha juu kabisa, akaingia jikoni kupika supu ya bitruti. Ndugu Mhariri, katika miaka yote ya ndoa yetu supu ile haijawahi kukosa chumvi. Siku ile haikuwa na chumvi hata punje, na yeye aliinywa yote bila kutambua.

Iliniuma. Naliandika hili kama lalamiko rasmi: bingwa ana haki ya kula chakula chenye chumvi, na Hazina, kabla ya kumtangaza mtu, ifikirie kwanza tumbo lake.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Sasa jambo lenyewe lina haraka. Mjadala wa ukurasa unafungwa Jumapili hii. Ndugu Behewa ametangaza kwamba mke wangu akionekana katika chapisho lolote la kuaminika kwa jina lake mwenyewe, kila kitu kitarudi kwake, na asipoonekana ubingwa unabaki kwangu daima. Maneno ya ndugu na jamaa hayahesabiki. Barua za wasomaji magazetini nazo hazihesabiki, kwa kuwa, kama alivyoandika, mzee yeyote asiye na kazi anaweza kupeleka lolote gazetini. Hapo nampa haki yake.

Mke wangu ana miaka themanini na minne. Anasema mambo ya kompyuta hayamhusu na kwamba akifa tuandike tulitakalo. Mimi nasema msimamo huo ni mzuri na uheshimiwe, na kwamba asiandikwe popote, kwa kuwa kikombe kimoja hakiwezi kuwa na mabingwa wawili katika kitanda kimoja.

Nakuomba basi uichapishe barua hii neno kwa neno, ili Larissa na majeshi yake ya Jumamosi wajue kwamba nitasimama imara mpaka mwisho, goti likiniruhusu.

Nisalimie wote hapo ofisini: dada wa matangazo, kijana anayepiga picha za hoki zisizoonyesha mpira, mama yako na pirohi zake zilizojazwa viazi, na paka. Ukikutana na dereva wa gari la theluji, yeye usinisalimie. Ndugu Behewa la Mwisho, popote alipo, namtakia reli iliyonyooka.

Ni mimi, nisiyetetereka katika haki yangu,

Orest Pidskalny
Bingwa wa Wanawake, Kombe la Mganda, 1967

Nyongeza baada ya sahihi:

Amesharudi na mayai, yuko jikoni anaimba, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Nimeisoma barua hii tena na nimeona haina faida, maana barua ya msomaji haihesabiki. Itupe. Au umtandikie paka.

Ila kuna jambo moja linalohesabika. Nilimwomba Larissa amuulize Ndugu Behewa: je, gazeti lenyewe likijisahihisha? Akajibu siku ile ile, na naanza kumpenda: "Masahihisho ya gazeti ni ushahidi kamili, hata yakichelewa." Kumbe hata yeye alikuwa anatafuta mlango. Basi nakuomba nafasi ndogo ukurasa wa pili, pale chini ya hali ya hewa, mnapoomba radhi mkikosea bei ya mbegu. Nimekuandikia tayari usihangaike:

"MASAHIHISHO. Katika toleo letu la Machi 1967 tuliandika kwamba timu iliyotwaa Kombe la Mganda iliongozwa na Bibi Orest Pidskalny. Tulikosea. Aliyeiongoza, na aliyerusha jiwe la mwisho, ni Nettie Pidskalny. Wenzake walikuwa Dorothy Kozak, Ingrid Lindgren na Phyllis Sorenson. Orest Pidskalny alikuwa nyuma ya kioo, amembeba mtoto. Gazeti linaomba radhi."

Ukibanwa na nafasi, punguza popote, lakini ile sentensi ya nyuma ya kioo iache. Hilo nililifanya mwenyewe, na ningependa nami nichapishwe kwa jambo la kweli.

Gazeti linatoka Alhamisi, naye hulisoma pale pale posta akiwa amesimama, akianzia ukurasa wa pili. Nitampeleka mimi. Nitamwambia avae koti la buluu, kuna upepo.